Henry Ford na Mstari wa Kazi

Wenyeji wa Moshi na wa miteremko ya Kilimanjaro wanaijua vema kazi ya kahawa. Matunda yakiiva na kuwa mekundu huchumwa kwa mkono, moja moja. Kisha hupelekwa kwenye mashine ya kumenya, na inafaa yamenywe siku ile ile, maana yakilala huanza kuchacha na kahawa huharibika. Baada ya kumenywa, buni huachwa katika chombo mpaka utelezi wake ulegee. Halafu huoshwa kwa maji ya mfongo na kuanikwa juu ya vichanja. Ikiisha kukauka huteremshwa mjini Moshi, ikakobolewe na kuchaguliwa. Kazi ni moja, lakini mikono ni mingi, na kila mkono humngojea mwenzake.

Basi nyumba yenye wachumaji kumi na mashine moja ndogo hupata taabu. Wachumaji hujaza makapu, mashine haiwezi kuyamaliza, usiku huingia, na matunda hulala. Kumtafuta mchumaji wa kumi na moja hakufai kitu, maana huongeza hasara tu. Lakini wachumaji wawili wakitolewa shambani, mmoja azungushe mashine kwa zamu na mwingine achote maji, matunda yote yaliyochumwa humenywa kabla ya giza. Mwendo wa kazi nzima ni mwendo wa pale palipo pazito kuliko pengine pote. Mwenye akili hutazama kwanza mahali palipokwama.

Neno hili ni jepesi kulisema, bali kulitenda katika kiwanda chenye watu maelfu ni kazi kubwa. Mtu aliyelifuata kwa bidii, hata likageuza kazi za viwanda duniani kote, ni Henry Ford, mtengenezaji wa motokaa wa Marekani. Maisha yake yanafaa kujulikana, kwa mema yake na kwa makosa yake.

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863, katika shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan. Baba yake, William, alikuwa mkulima aliyehamia Marekani kutoka Ireland. Henry hakuipenda kazi ya shamba, lakini kila chombo chenye magurudumu na meno kilimvuta macho. Alizifungua saa na kuzifunga tena, hata majirani wakawa wakimletea saa zao zilizoharibika. Mwaka 1876, alipokuwa na miaka 12, mama yake alifariki. Mwaka ule ule, akiwa safarini na baba yake, aliona njiani mtambo wa mvuke ukijiendesha wenyewe bila farasi. Mara akashuka garini, akamwendea mwendeshaji na kumwuliza maswali mengi. Jambo hilo hakulisahau maisha yake yote.

Mwaka 1879, akiwa na miaka 16, alikwenda mji wa Detroit kujifunza kazi ya mitambo. Mchana alifanya kazi katika karakana, na usiku alitengeneza saa ili aongeze fedha za chakula na malazi. Wakati huo aliwaza kufungua kiwanda cha saa za bei nafuu. Alipohesabu vema aliona ya kuwa itampasa kuuza saa nyingi mno, na si kila mtu aliyehitaji saa; basi akaliacha wazo lile. Lakini hesabu yenyewe hakuiacha: kitu kikitengenezwa kwa wingi, bei yake hushuka, na bei ikishuka, wanunuzi huongezeka.

Mwaka 1888 alimwoa Clara Bryant, na mwaka 1891 akaajiriwa katika kampuni ya umeme ya Edison huko Detroit. Usiku alikuwa akijenga gari lake mwenyewe katika banda nyuma ya nyumba. Mwezi wa Juni 1896 gari lilikuwa tayari, lakini mlango wa banda ulikuwa mwembamba kuliko gari! Henry akachukua shoka, akabomoa matofali ya ukuta, akalitoa gari usiku ule ule na kuliendesha barabarani.

Kampuni yake ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1899, haikudumu. Ya pili aliiacha baada ya kutoelewana na wenzake. Hakukata tamaa. Mwaka 1903 yeye na wenzake wakaanzisha Kampuni ya Ford, na mwezi wa Oktoba 1908 wakatoa motokaa iliyoitwa Model T. Ilikuwa nyepesi, imara, na rahisi kutengenezwa na mtu asiye fundi mkubwa. Watu wakaitaka kwa wingi kuliko kiwanda kilivyoweza kutoa. Mwaka 1910 Ford akahamia kiwanda kikubwa zaidi mahali paitwapo Highland Park. Hata hivyo hakikutosha.

Taabu ilikuwa katika namna ya kufanya kazi. Siku zile motokaa iliunganishwa ikiwa imesimama mahali pamoja, na mafundi waliizunguka kama waashi wanavyoizunguka nyumba. Mmoja alikwenda kutafuta misumari, mwingine alimngoja mwenzake amalize, wa tatu alisimama kwa kuwa kipande chake hakijafika. Saa nyingi zilipotea kwa kutembea na kungoja. Ford na wasaidizi wake, kina Charles Sorensen na Clarence Avery, wakauliza: kwa nini mtu aifuate kazi? Afadhali kazi imfuate mtu. Mfano wake ulikuwako tayari katika machinjio ya Chicago, ambako nyama ilining'inizwa juu ya reli ikapita mbele ya wachinjaji, na kila mmoja alikata sehemu yake tu.

Tarehe 1 Aprili 1913 wakaanza kujaribu kwa magneto, chombo kidogo kitoacho cheche za kuwashia mafuta ndani ya injini. Hapo kwanza fundi mmoja aliiunganisha magneto nzima peke yake kwa muda wa dakika 20 hivi. Sasa kazi ile ikagawanywa kwa watu 29 waliosimama kwa mstari. Mmoja alitia kipande, wa pili alikaza, wa tatu alifuata na lake, na chombo kikasogezwa mbele. Muda wa kazi kwa kila magneto ukashuka kuwa dakika 13 na sekunde 10. Kisha wakaona ya kuwa watu wanainama mno. Wakainua meza inchi 8, na muda ukashuka kuwa dakika 7. Baadaye wakatia mnyororo wa kuvuta kazi, na muda ukafika dakika 5.

Mwendo wa mnyororo nao haukupatikana mara moja. Kwanza waliuweka inchi 60 kwa dakika, ukawashinda watu. Wakaupunguza kuwa inchi 18, wakaona ni wa polepole mno. Mwisho wakakubali inchi 44. Mwendo wa haraka kuliko yote siyo uliofaa. Uliofaa ni ule ambao kila mtu mstarini aliweza kuufuata bila kuharibu kazi na bila kukaa bure.

Mwanafunzi atakayependa kuelewa jambo hili na afanye hesabu hii. Watu watano wamesimama kwa mstari wakitengeneza viti. Wa kwanza hutumia dakika 2, wa pili dakika 3, wa tatu dakika 9, wa nne dakika 4, na wa tano dakika 2. Jumla ni dakika 20 kwa kila kiti. Je, kiti hutoka kila baada ya dakika ngapi? Hutoka kila baada ya dakika 9, kwa kuwa wote humngojea wa tatu. Na wale wengine wanne hukaa bure sehemu kubwa ya siku. Sasa, kazi ya wa tatu ikipunguzwa na sehemu zake wakapewa wenzake, hata kila mtu akawa na dakika 4, jumla ni dakika 20 zile zile, na watu ni watano wale wale. Lakini kiti hutoka kila baada ya dakika 4. Kwa saa moja vilitoka viti visivyofika saba. Sasa vinatoka 15. Hakuna aliyekimbia, wala hakuna aliyeongezwa. Mzigo umesawazishwa, basi.

Mwaka huo huo wa 1913 wakaigeukia motokaa yenyewe. Zamani chasisi moja ilihitaji saa 12 na dakika 28 za kazi. Wakaifunga kamba, ikavutwa polepole sakafuni kwa urefu wa futi 250, na watu sita walitembea pamoja nayo wakiokota vipande vilivyopangwa njiani. Muda ukashuka kuwa saa 5 na dakika 50. Ndipo wakazidi kugawanya kazi, wakapima kila tendo kwa saa, wakaweka mnyororo, wakainua kazi hata ikafika kiunoni. Zaidi ya hayo wakajenga mistari miwili yenye vimo mbalimbali, mmoja wa watu warefu na mmoja wa watu wafupi, ili mtu asiinuke wala kuinama bure. Mwaka 1914 chasisi moja ikamalizika kwa saa 1 na dakika 33 za kazi.

Bei ya motokaa ikashuka kama alivyotazamia Ford. Mwaka 1908 Model T iliuzwa dola 850 hivi. Mwaka 1925 gari dogo la namna hiyo liliuzwa dola 260. Magari hayo yakaenea dunia nzima, hata yakafika Afrika ya Mashariki. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi ya Waingereza yaliyatumia kupigana na Wajerumani, na mwezi wa Machi 1916 majeshi hayo yakaiteka Moshi. Lakini barabara zilikuwa chache na mbaya, na mvua ikinyesha magurudumu yalizama katika matope. Hapo mizigo ilirudi vichwani mwa wapagazi, na maelfu mengi yao walikufa kwa uchovu na maradhi.

Huko Detroit Ford aliona jambo ambalo saa ya kupimia haikumwonyesha. Mstari ulikuwa sawa kwa dakika, lakini watu waliuchukia. Fundi aliyezoea kuunganisha chombo kizima sasa alikaza skrubu moja, ile ile, tangu asubuhi hata jioni, wala hakuweza kupumzika hata kidogo, maana mnyororo haukungoja. Watu walikuja, wakafanya kazi siku chache, wakaenda zao. Katika mwaka 1913 ilimpasa Ford kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili apate wafanyakazi wapatao 14,000. Kila mgeni alipaswa kufundishwa, na kila mgeni alikuwa mzito kuliko aliyeondoka. Hivyo mstari uliosawazishwa kwa taabu ukapotoka tena.

Tarehe 5 Januari 1914 kampuni ikatangaza habari iliyoshangaza ulimwengu. Siku ya kazi ya saa 9 ilipunguzwa kuwa saa 8, na ujira ambao ulikuwa kama dola 2 na senti 34 kwa siku ukapandishwa kuwa dola 5. Wenye viwanda wengine walidhani ya kuwa Ford atafilisika. Hakufilisika. Watu walikaa kazini, wakawa hodari, na wengi waliweza kununua motokaa waliyoitengeneza. Lakini ujira ule ulikuwa na masharti, wala si wote walioupata hapo mwanzo. Kampuni ilituma wachunguzi majumbani kutazama kama mtu alikuwa safi, hanywi pombe, na anaweka akiba. Wengi hawakupenda kuchunguzwa hivyo katika nyumba zao. Mwaka 1926 Ford aliwapunguzia wafanyakazi wake siku za kazi kuwa tano kwa juma.

Si kila alilotenda lilikuwa jema. Kuanzia mwaka 1920 gazeti lake lilieneza maneno ya uongo na ya chuki juu ya Wayahudi. Mwaka 1927 aliomba radhi, lakini maneno yale yalikuwa yamekwisha kuenea mbali na kufanya madhara. Tena, miaka ilipopita, mnyororo wa kiwandani uliongezwa mwendo, na wafanyakazi wakasimamiwa kwa ukali. Walipotaka kuunda chama chao cha kutetea haki, Ford alikataa. Mwezi wa Mei 1937 walinzi wa kampuni waliwapiga viongozi wa chama nje ya kiwanda chake kikubwa cha Rouge. Mwaka 1941 wafanyakazi wakagoma, na mstari wote ukasimama. Mashine zilikuwa nzima, vipande vilikuwa tayari, mnyororo haukukatika. Bali mikono haikuwako. Ndipo Ford alipotia sahihi mapatano na chama.

Model T ilikuwa imekoma kutengenezwa mwaka 1927, baada ya kutolewa zaidi ya magari milioni 15. Henry Ford alifariki tarehe 7 Aprili 1947 huko Dearborn, akiwa na umri wa miaka 83, si mbali na shamba alikozaliwa.

Baada ya kufa kwake kazi ya kusawazisha mstari iliendelezwa na watu wa hesabu. Ford na wasaidizi wake walikuwa wakijaribu na kurekebisha, siku baada ya siku. Wataalamu hawa walitafuta njia ya kupata jibu kwenye karatasi kabla mtu hajasimama mstarini. Si rahisi kama mtu anavyodhani. Kazi nyingine haziwezi kukatwa nusu kwa nusu. Nyingine zina utaratibu wake: gurudumu haliwekwi kabla ya ekseli, kama vile kahawa haianikwi kabla ya kuoshwa. Tena njia za kupanga ni nyingi mno. Kazi kumi tu, zisizongojeana, zaweza kupangwa kwa taratibu 3,628,800. Na motokaa moja ina kazi mamia mengi.

Mwaka 1955 Melvin Salveson wa Marekani alilieleza fumbo hili kwa njia ya hesabu. Mwaka 1961 wenzake wawili, Helgeson na Birnie, wakatoa kanuni iliyo rahisi kuifuata. Kila kazi hupewa uzito wake, yaani dakika zake yenyewe pamoja na dakika za kazi zote zinazoingojea. Kazi yenye uzito mkubwa hugawiwa kwanza, ikawekwa katika kituo cha kwanza chenye nafasi ya kuipokea. Kisha hufuata ya pili kwa uzito, na hivyo hivyo mpaka zote ziishe. Kanuni hii haileti jibu lililo bora kila mara, lakini huleta jibu zuri kwa upesi. Siku hizi kompyuta hufuata kanuni za namna hiyo, hupima mipango maelfu kwa muda mfupi, na kuchagua ule unaowaacha watu wachache kabisa wakikaa bure.

Lakini kompyuta hupima lile tu iliyoambiwa ipime. Ikiambiwa dakika, itasawazisha dakika. Mgongo unaouma na moyo uliochoka haiutambui, mtu asipoitajia. Wazee wa mifongo huko Kilimanjaro walilijua jambo hili zamani. Walipogawa zamu za maji na kazi ya kusafisha mfereji, walitazama nani anatumia maji yale, nani amekuja kazini na nani hakuja. Na asiyekuja alitozwa faini, ili mzigo wake usiangukie jirani. Walijua ya kuwa mfongo hauzibuliwi na aliye hodari peke yake.

Henry Ford aliufundisha ulimwengu kumpa kila mtu mstarini sehemu inayolingana na ya mwenzake. Alikawia kujua ya kuwa waliosimama mstarini nao wana haki ya kusema jinsi sehemu hizo zitakavyogawanywa. Anayepewa kazi ya kuwagawia wengine kazi, iwe kiwandani, shuleni au kihambani, na ayashike mambo hayo mawili pamoja: apime vema, tena awaulize wanaobeba.